Chanda chema na pete yake: Abdulla Susi, baharia wa Shupanga

Msikilizaji wetu mmoja wa Mpapura, huko Mtwara Vijijini, ameniandikia barua fupi yenye swali zito. Anasema mwanawe amerudi kutoka shuleni na hadithi za mabaharia mashujaa wa karne ya 19, wote watu wa Ulaya, wote wenye nishani vifuani. Kijana akamwuliza baba yake: "Na sisi watu wa pwani, tuliozaliwa na bahari mlangoni, hatukuwa na hata mmoja aliyevikwa nishani?" Mzee hakuwa na jibu, akaona swali alilete kwetu.

Jibu langu ni kwamba walikuwapo. Na mmoja wao, ambaye ndiye nitakayemzungumzia leo, alishuka kutoka melini pale pale Mikindani, si mbali na nyumbani kwa huyo aliyeniandikia. Lakini kabla ya kumfikia, naomba tuanzie mbali kidogo.

Katika karne hiyo ya 19 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na mabaharia weusi wengi kuliko vitabu vyake vinavyopenda kuonyesha. Anayejulikana zaidi ni William Hall, mwana wa watu waliotoroka utumwa Marekani na kupata hifadhi Nova Scotia, nchini Kanada. Hall alijiunga na jeshi la majini mwaka 1852. Tarehe 16 Novemba 1857, katika mapigano ya Lucknow huko Bara Hindi, wenzake waliokuwa wakiuhudumia mzinga mmoja waliuawa au kujeruhiwa karibu wote. Yeye na ofisa mmoja aliyejeruhiwa wakaendelea kuufyatua mpaka ukuta ukabomoka. Mwaka 1859 akavishwa Msalaba wa Victoria, ambao ndio nishani kubwa kabisa ya ushujaa katika majeshi ya Uingereza, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuupata. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1904 alizikwa bila heshima yoyote ya kijeshi. Ilibidi ufike mwaka 1945 ndipo mabaki yake yakahamishwa na kuzikwa upya kwa heshima katika mji wa Hantsport. Nishani aliipata akiwa hai, lakini kaburi la heshima lilimchukua miaka 41 baada ya kufa.

Huku kwetu, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa ziliajiri mamia ya watu wa mwambao, wengi kutoka Unguja, na wengine wakiwa ni watu waliookolewa kutoka katika hayo hayo majahazi. Waliitwa Siidi. Kazi yao ilikuwa ya jasho: kutia makaa katika matanuri ya meli ambako joto liliwashinda mabaharia wa Ulaya, kuvuta makasia, kuwa wakalimani, kuingia ndani ya vijito vya mikoko gizani. Wako waliopewa nishani za vita, kama vile za vita vya Misri vya mwaka 1882 na vya Witu mwaka 1890. Lakini ukifungua orodha za meli hizo utasikitika. Makarani wengi hawakujisumbua kuuliza jina la mtu. Walimwandika kwa jina la mzaha, jina la kamba au la chombo cha jikoni, na ndilo lililobaki. Basi nishani ipo, na mwenyewe kapotea.

Kwa sababu hiyo nimemchagua mtu ambaye jina lake halikupotea. Huyo ni Abdulla Susi.

Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye ukingo wa mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mwaka 1863 aliajiriwa kukata kuni za meli iitwayo Pioneer. Meli hiyo ilikuwa ya serikali ya Uingereza, imetolewa na jeshi la majini kwa ajili ya msafara wa Daktari David Livingstone. Watu wa Ruvuma walikwisha kuiona: iliingia katika mto wao mwaka 1861, na mwaka 1862 ikarudi mlangoni pa mto huo. Msidharau kazi ya kukata kuni, ndugu wasikilizaji. Meli ya moshi isiyo na makaa wala kuni ni chuma kinachoelea tu. Aliyeshika shoka ndiye aliyeamua meli itakwenda au italala.

Mwaka 1864 serikali ya Uingereza iliufunga msafara ule. Livingstone alibaki na meli yake ndogo, Lady Nyassa, iliyojengwa kwa ajili ya kutembea ziwani. Hakutaka kuiuza mahali ambapo ingeweza kuishia mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, kwa hiyo akaamua kuipeleka Bombay, akivuka Bahari ya Hindi. Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, wakijua kwamba dhoruba za kusi zi karibu. Melini walikuwamo Wazungu wanne, Waafrika saba wa Zambezi, na vijana wawili, Chuma na Wikatani. Makaa hayakuzidi tani 14. Wale watu wa Zambezi, Susi akiwa mmojawapo, hawakuwa wamewahi kuiona bahari kuu. Walijifunza kazi hapo hapo, meli ikiyumba: kupandisha tanga, kulikunja, kushika usukani. Siku nyingine upepo ulikatika kabisa wakakaa pale pale kama kisiwa. Tarehe 13 Juni 1864 waliingia Bombay, baada ya siku 45.

Nahodha yeyote wa jahazi wa Mikindani au wa Kilwa atakwambia maana ya jambo hilo. Kuvuka na chombo cha ziwani, msimu ukiwa umekwisha geuka, na mabaharia ambao mwezi uliopita walikuwa wakata kuni, si jambo dogo. Huko Bombay Susi na mwenzake Amoda waliachwa wakafanya kazi bandarini, hadi Livingstone alipowarudia.

Sasa tunafika Mtwara. Mwezi Machi 1866 manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin ilikuja hadi mlango wa Ruvuma pamoja na jahazi lililobeba wanyama. Walikuwamo ngamia sita, nyati watatu wa Kihindi na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne. Livingstone alitaka kujua kama wanyama hao wataweza kustahimili mbung'o. Lakini mlango wa Ruvuma, kama wanavyoujua wavuvi wa huko, ni matope na mikoko, na ngamia hawezi kupita hapo. Basi wakageuka kaskazini kiasi cha kilomita 40, na tarehe 24 Machi wakashusha mizigo na wanyama katika ghuba ya Mikindani. Livingstone aliisifu sana bandari ile. Akapanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi, na tarehe 7 Aprili msafara ukaondoka kuelekea bara.

Watu wake walikuwa 36: askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Nzwani, vijana 9 waliosomeshwa shule ya Nasik huko Bara Hindi, watu wawili wa Shupanga, yaani Susi na Amoda, na Wayao wawili, yaani Chuma na Wikatani. Kisha walikuwako Wamakonde. Hao hawakuhesabiwa katika orodha, lakini bila ya mashoka yao wale ngamia wasingepita katika pori lile lililoshonana. Livingstone mwenyewe aliandika jinsi walivyokuwa mabingwa wa kufyeka njia. Kwa hiyo mzee wangu wa Mpapura anaweza kumwambia mwanawe kwamba mababu wa upande ule nao wamo katika hadithi hii.

Sitasimulia safari yote. Yatosha kusema kwamba askari wa Kihindi walirudishwa, watu wa Nzwani wakatoroka na kwenda kutangaza Unguja kwamba Livingstone amekufa, na mmoja baada ya mwingine wakapungua. Katikati ya mwaka 1870, alipoelekea tena ndani ya nchi ya Manyema, waliomfuata walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Haikuwa kwamba walikuwa malaika. Livingstone aliwalalamikia katika shajara yake mara kwa mara, na mimi sina shaka kwamba wao nao walimlalamikia yeye. Watu waliokaa pamoja njaani miaka minane hawakosi kugombana. Stanley alipofika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, mtu aliyemkimbilia na kumwamkia kwa Kiingereza kati ya umati ule alikuwa Susi.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Na hapa ndipo sifa ya Susi inapoanza hasa.

Hebu fikirini hali yenyewe. Watu wapatao 60 wako katikati ya bara, wakati wa mafuriko, mkubwa wao amekufa. Hakuna wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika pale, wakagawana nguo na shanga, wakaenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Walikutana wakawachagua Susi na Chuma kuwa viongozi wao, wakaamua kuupeleka mwili pwani pamoja na vitabu, ramani na vyombo vyote. Wakauzika moyo chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14. Kisha wakauzungushia kitambaa, wakautia ndani ya gamba la mti, na juu yake wakashonea kitambaa cha tanga. Nikisoma hapo huwa naiona mikono ya mabaharia wale wa Lady Nyassa ikifanya kazi iliyoizoea.

Walitembea zaidi ya kilomita 1,600. Karibu na Tabora walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Hebu tulitie jambo hilo maanani: Mwingereza, ofisa, mwenye cheo, anawaambia inatosha, na mkata kuni wa Shupanga anasema hapana.

Mbele kidogo wakazuiwa, kwa kuwa wenyeji wengi hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Susi na wenzake wakajifanya wamekubali kurudi. Wakafunga mzigo wa vijiti ukawa na umbo la maiti, wakawapa watu wauchukue kwenda kuuzika, kumbe wameutupa porini usiku. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama robota la nguo la biashara. Robota hilo likaingia Bagamoyo Februari 1874, na manowari Vulture ikalivusha hadi Unguja.

Na malipo yao? Walilipwa mishahara yao wakaambiwa basi, kazi imekwisha. Aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Nasik, kwa nauli ya wamisionari. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baadaye, kwa fedha za rafiki mmoja wa marehemu. Huko walijenga mfano wa kile kibanda alichofia, na wakakaa na mchungaji Horace Waller wakimweleza shajara ukurasa kwa ukurasa: mto huu ni upi, mtu huyu alikuwa nani. Kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilitoka mwisho wa mwaka huo huo, na maelezo yao yamo ndani yake.

Ndipo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipowapa nishani. Nishani zipatazo 60 zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa msafara. Zilikuwa na maandishi yenye maana ya "Mwaminifu hadi mwisho".

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Pete hiyo ilivikwa, na ni haki kusema hivyo. Lakini nataka tulitazame kidogo neno lililochorwa juu yake.

Cameron aliendelea na safari hadi pwani ya Atlantiki. Aliporudi, chama hicho hicho kilimpa nishani yake kubwa mwaka 1876, kwa kuwa alikuwa mvumbuzi na msafiri. Yeye alisifiwa kwa alichokijua na alichokifanya. Susi alisifiwa kwa uaminifu. Uaminifu ni sifa njema, tena adimu, lakini ni sifa ambayo bwana humpa mtumishi wake. Je, kuvuka bahari na chombo cha ziwani ni uaminifu tu? Kuchaguliwa na watu 60 kuwa kiongozi, kuwalisha, kuwaamua, kuwapitisha katika nchi zenye uadui, kuwazidi akili waliofunga njia, kumkatalia ofisa wa manowari, yote hayo ni uaminifu tu? Kwa lugha yetu sisi hayo huitwa unahodha. Jiwe la kaburi la Livingstone linasema aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Mikono! Mikono haina jina, haina kichwa.

Waliomwajiri Susi baadaye walijua zaidi ya kilichoandikwa kwenye nishani. Mwaka 1879 Stanley alimchukua kuwa mnyapara mkuu katika kazi yake ya mto Kongo, na Susi alikuwako ulipoanzishwa mji ambao leo ni Kinshasa. Sitaficha kwamba kazi ile ilifungua mlango wa utawala wa Mfalme Leopold, uliowatesa watu wa Kongo. Alirudi Unguja mwaka 1882, akawa kiongozi wa misafara ya wamisionari wa UMCA. Mwaka 1886 alibatizwa kwa jina la David, na mwaka 1891 akafariki Unguja baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Mwenzake Chuma alikuwa amemtangulia mwaka 1882. Huyo naye ana deni kwa watu wa kusini, au tuseme watu wa kusini wana deni kwake. Alikuwamo katika msafara wa Askofu Steere wa mwaka 1876, uliotoka Lindi na kuanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru huko Masasi.

Sasa, tufanye nini na habari hii? Pale Mikindani ipo nyumba yenye mlango wa nakshi na kibao kinachosema kwamba inasemekana Livingstone alikaa hapo. Watalii husimama wakapiga picha. Sioni ubaya wowote, kwani mgeni huyo alipita kweli, na aliuchukia utumwa kweli. Lakini walioshuka ufukweni siku ile walikuwa wengi. Ningependa mwalimu anayewapeleka wanafunzi pale awatajie pia Susi, Amoda, Chuma na Wikatani, na Wamakonde wenye mashoka. Kutaja jina hakuhitaji bajeti wala mfadhili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na jambo la pili liko majumbani mwetu. Katika nyumba nyingi za mwambao kuna sanduku la mzee, na ndani yake kuna nishani ya vita, au cheti cha ubaharia, au picha ya kijana aliyesimama sitahani. Wajukuu wanaona kipande cha chuma tu. Wakati mwingine huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, au kwa mgeni anayejua thamani yake kuliko sisi. Kabla hakijauzwa, mwulizeni bibi: hii ni ya nani, aliipata wapi, kwa kazi gani, na nani alikuwa pamoja naye? Yaandikeni hayo hata katika daftari la shule. Wale Siidi wa manowari walipotea kwa sababu karani mgeni ndiye aliyeshika kalamu, na hakuona haja ya kuuliza jina. Leo kalamu tunayo wenyewe. Tukishindwa kuyaandika majina ya wazee wetu, hatutakuwa na karani wa kumlaumu.

Basi mzee wangu wa Mpapura, mwambie kijana wako kwamba baharia mwenye nishani alikuwapo, alipita upande wenu Aprili 1866 akiwa nyuma ya ngamia, na jina lake ni Abdulla Susi. Nishani yake ilisema alikuwa mwaminifu. Mwambie kwamba alikuwa nahodha pia.